Shoki mbili katika mwili mmoja: kisa cha mrina asali aliyeanguka mbuyuni

Walimleta kwa mshikaki. Dereva wa bodaboda mbele, yeye katikati, mjomba wake nyuma amemkumbatia asidondoke, kilomita kumi na kitu za barabara ya vumbi. Ilikuwa saa 2 na dakika 10 usiku, mwezi wa saba, ile baridi ya Dodoma ambayo wageni wa Pwani hawaiamini mpaka iwakute. Hospitali yetu ni ya wilaya, siitaji jina. Zamu ya usiku tulikuwa wauguzi wawili, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na daktari aliyekuwa wodi ya wazazi akimhudumia mama. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili kijana asitambulike. Namba za kwenye chati sijazigusa, kwa sababu kosa langu limo humo.

Kijana wa miaka 26, mwembamba, kilo 62. Jioni alipanda mbuyu kurina asali, akikanyaga vile vigingi vya miti ambavyo watu wa huku huvipigilia kwenye shina. Moshi haukutosha, nyuki wakamtokea, akaachia. Mjomba alikadiria alianguka kutoka kimo cha paa la nyumba ya bati, kama mita 4 hivi. "Nyuki wamemmaliza, nesi," ndivyo alivyosema, na sentensi hiyo ndiyo iliyoongoza saa nzima iliyofuata. Nilimuuliza alianguka kutoka juu kiasi gani. Nilimuuliza kama alizimia. Sikumuuliza aliangukia nini.

Kabla hatujamaliza kumlaza, mjomba akaongeza: "Ni mshtuko tu huo. Mpeni maji ya sukari atulie." Hapa lugha yetu ina mtego. Vitabu vya Kiswahili vinaita hali hii mshtuko, na mtu wa kawaida akisikia mshtuko anawaza hofu, mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Ndiyo maana wodini wengi wetu tunasema shoki, na humu nitaliandika hivyo hivyo. Shoki si woga. Ni pale damu inaposhindwa kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye viungo, iwe kwa sababu damu imepungua, mishipa imelegea, moyo umechoka kusukuma, au kuna kitu kimeziba njia. Maji ya sukari tulimzuia kwa upole. Mtu wa namna hii anaweza kuingia chumba cha upasuaji usiku huo huo, na tumbo lililojaa ni hatari akipewa usingizi.

Presha ilisoma 74/36. Mapigo 126 kwa dakika, pumzi 30, oksijeni kidoleni asilimia 89. Midomo na kope zimevimba, sauti imekwaruza, kifua kinapiga filimbi. Mabaka ya ngozi hayakuonekana vizuri kwa macho. Kwenye ngozi nyeusi, chini ya taa ya mwanga hafifu, usitegemee kuona wekundu. Niliyapata kwa vidole, ngozi imeinuka vipande vipande kifuani na mapajani ambako hakuumwa na nyuki hata mmoja. Miguu ilikuwa ya moto. Nilibonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde tano, nikaachia, rangi ikarudi hata kabla sijahesabu mbili.

Presha iko chini na miguu ina moto: mishipa imelegea. Ukijumlisha nyuki, uvimbe, filimbi na mabaka, hiyo ni anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima, na dawa yake ni adrenalini. Si haidrokotisoni, si promethazini. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimeona mara nyingi trei inaandaliwa na hizo mbili zikatangulia, huku adrenalini imebaki kabatini kana kwamba ni ya watu waliosimama moyo. Hizo mbili husaidia muwasho na uvimbe baadaye, lakini hazipandishi presha wala hazifungui koo. Nilimchoma adrenalini miligramu 0.5, nusu mililita ya ile ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dakika sita baadaye presha ilikuwa 80/40, nikarudia dozi ile ile. Oksijeni kwa barakoa, kanula mbili kubwa za kijivu, vile vijiti vya kuingizia dripu mshipani, kila mkono yake, salini, yaani dripu ya maji ya chumvi, lita moja ikiwa wazi kabisa. Salbutamoli ya kuvuta, kufungua kifua. Mwanafunzi akakwangua miiba ya nyuki. Alihesabu 37.

Tulimlaza chali. Ndugu walitaka tumkalishe "apumue vizuri", na kweli mwenye filimbi kifuani hutamani kukaa, ila mwenye anafilaksia ambaye presha imeshuka anaweza kuzimia au hata moyo kusimama ukimkalisha au kumsimamisha ghafla. Kwa sababu alikuwa ameanguka, shingo tuliibana kwa vitenge viwili vilivyokunjwa, na badala ya kuinua miguu yake tukainua upande mzima wa miguu wa kitanda.

Hapo nilijiuliza juu ya uti wa mgongo, na hilo nililifanya sawasawa. Jeraha la uti, kuanzia usawa wa katikati ya kifua kwenda juu, nalo hulegeza mishipa, presha ikashuka na ngozi ikawa ya moto na kavu. Tofauti ni kwamba mapigo huwa ya polepole, mara nyingi chini ya 60, kwa kuwa ile amri ya kuuharakisha moyo haipiti tena. Wetu alikuwa na 126. Nikamwambia asukume kiganja changu kwa nyayo, akasukuma, kulia na kushoto. Akakaza ngumi. Uti nikauweka pembeni, vitenge nikaviacha pale pale.

Saa 2 na dakika 35 presha ilikuwa 108/60, mapigo 112, oksijeni 96, filimbi imebaki kidogo mwishoni mwa pumzi. Kijana akafungua macho akamwambia mjomba wake jambo kwa Kigogo, mjomba akacheka. Daktari alipita, akasikiliza kifua, akasema vizuri, tumwangalie usiku kucha, akarudi kwa yule mama wa wodi ya wazazi. Nami nilijisikia fundi kweli kweli.

Sasa njoo kwenye chati. Saa 2 na dakika 50: presha 106/74, mapigo 116. Saa 3 na dakika 5: 104/80, mapigo 122. Nilizisoma namba hizi kwa kinywa changu, nikaziandika kwa mkono wangu, na kichwani mwangu maana yake ilikuwa "presha iko mia na kitu, imetulia." Mapigo yaliyopanda niliyapa sababu: adrenalini. Ni sababu inayoaminika, adrenalini hukimbiza moyo na kutetemesha mikono. Tatizo ni kwamba adrenalini ya kwenye paja huisha nguvu kadiri dakika zinavyokwenda. Dozi ya mwisho ilikuwa na zaidi ya nusu saa, na mapigo yake yangekuwa yanashuka. Yalikuwa yanapanda.

Na angalia namba ya chini, ile ambayo wengi wetu huiandika ili tu mkwaju usibaki na upande mtupu. Kati ya 108 na 60 pana pengo la 48. Kati ya 106 na 74, 32. Kati ya 104 na 80, 24. Namba ya juu haikusogea hata kidogo cha kumshtua mtu, huku pengo limebaki nusu katika nusu saa. Damu inapovuja, mwili hufanya kama mtaa wakati wa mgao wa maji: hufunga mabomba ya pembeni, mikono, miguu, ngozi, utumbo, ili moyo na ubongo visikauke. Kufunga huko ndiko kunakosukuma namba ya chini ipande, huku ya juu ikishikiliwa kwa nguvu. Mtu mzima kijana anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla namba ya juu haijaanguka. Kwa mtu wa kilo 62 hiyo ni lita 1.3, karibu ile chupa kubwa ya maji ya dukani. Kusubiri presha ishuke ndipo uite daktari ni kusubiri chupa iishe.

Mwanafunzi ndiye aliyeniokoa, bila kujua. Alikuwa anamfunika blanketi, akasema, "Dada, mbona miguu imekuwa ya baridi hivi?" Nikamjibu kwamba ni mwezi wa saba. Jibu la kijinga, nililitoa nikiwa nimegeuka kuandika. Halafu kijana mwenyewe akalalamika bega la kushoto linamuuma. Nikalitazama: halina jeraha, halina mwiba, analiinua bila shida. Bega zima, maumivu makali, na yanazidi akilala chali. Hapo ndipo kitu kilinigusa. Damu ikijikusanya tumboni chini ya kiwambo cha kifua, maumivu huweza kusikika begani, kwa kuwa neva za huko shina lake ni moja. Likiwa bega la kushoto, wazo la kwanza ni bandama.

Nikamgeukia mjomba: "Aliangukia nini?"

"Gogo. Ubavu huu," akajigusa kushoto.

Saa 3 na dakika 20: presha 82/64, mapigo 138. Pengo 18. Mguu baridi mpaka karibu na goti, jasho jembamba mgongoni, kucha inarudisha rangi baada ya sekunde tano. Nikamvuta kope la chini, ndani peupe. Mpira wa mkojo tulikuwa tumeuweka baada ya kuhakikisha hakuna damu kwenye tundu la mkojo. Katika saa moja kulikuwa na mililita 12. Kwa kilo zake tulitarajia angalau 31.

Muuguzi mwenzangu alikuwa tayari ameshika ampuli ya adrenalini ya tatu, na simlaumu hata chembe. Anafilaksia ina tabia ya kurudi saa kadhaa baadaye, hata baada ya mgonjwa kuonekana amepona, ndiyo maana hatuwaruhusu mapema. Mgonjwa wa nyuki ambaye presha imeshuka tena, kila mtu angewaza nyuki. Pia miguu baridi peke yake haitoshi kuikataa anafilaksia, kwa kuwa ikiwa kali maji hutoka kwenye mishipa na mgonjwa hupoa vilevile. Kilichotuamulia ni vitu vyote kwa pamoja: kifua kilikuwa kimetulia, hakuna filimbi, sauti imerudi, mabaka yamelala, uvimbe wa midomo umeshuka, na wakati huo huo bega, ubavu, pengo. Nyuki walikuwa wanaondoka mwilini. Aliyekuwa anaingia ni mwingine.

Kabla daktari hajafika nilifanya jambo moja zaidi kwa sekunde ishirini. Mbavu zikivunjika, hewa inaweza kunaswa kifuani ikabana pafu na moyo, na hiyo nayo ni shoki, ile ya kuziba njia, ambayo huua haraka kuliko damu. Kifua kilipanda sawa pande zote. Koo iko katikati, pumzi zinasikika kushoto na kulia, mishipa ya shingo imelala bapa. Ingekuwa hewa, mara nyingi mishipa ya shingo hufura, ingawa kwa mtu aliyepoteza damu nyingi inaweza isifure, hivyo usiishikilie dalili hiyo moja. Ile ya moyo kushindwa kusukuma sikuipa muda kwa kijana wa miaka 26. Kwa mzee mwenye maumivu ya kifua, mapafu yanayochemka majimaji na miguu baridi ningeiwaza kwanza, na hapo lita moja ya salini iliyoachwa wazi ndiyo ingemzamisha. Watu wengi hufungulia dripu kila wanapoona presha ya chini, kama mkono una kumbukumbu yake wenyewe.

Daktari alikuja na ile mashine ya ultrasaundi tunayotumia kwa wajawazito. Akaiweka ubavuni kushoto, pakaonekana mkanda mweusi kati ya bandama na figo. Mwingine kulia, karibu na ini. Himoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa imetoka maabara, 12.4, na mtu wa maabara alikuwa ameandika kwa furaha "nzuri". Tusidanganyike nayo. Mtu anayevuja hupoteza damu nzima, maji na chembe kwa pamoja, kwa hiyo iliyobaki ina uzito ule ule mpaka maji yaingie kuizimua. Ningempima saa mbili baadaye ingekuwa 7, na asingekuwepo wa kupimwa.

Kutoka hapo kazi iligeuka kabisa. Salini tuliipunguza, kwa sababu maji mengi ya baridi huzimua damu, huivuruga isigande, na huisukuma presha ikafungua tena palipokuwa pameanza kujifunga. Kichwa chake hakikuwa na jeraha, kwa hiyo tulikubali namba ya juu ya 80 hadi 90 ilimradi anajibu tukimwita. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isivuje, gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10. Dawa hii ina faida ndani ya saa 3 tangu kuumia, na yeye alikuwa ameanguka yapata saa 1, tukawahi. Chupa mbili za damu ya kundi O zilikuwa kwenye friji. Mabinamu wawili walichukuliwa kuchangia, ingawa damu ya ndugu haiwezi kuingia papo hapo, lazima kwanza ipimwe virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mablanketi mawili, na dripu zilizobaki tuliziloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Damu iliyopoa haigandi, na chumba chetu usiku ule kilikuwa cha baridi kweli kweli.

Gari la kumpeleka mjini lilikuwepo, lakini daktari alipiga hesabu ya safari, akatazama mapigo, akasema tunafungua hapa hapa. (Angekuwa mama mjamzito tungepiga 115 na m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wangetafuta usafiri. Mrina asali hana namba yake.) Saa 4 na robo aliingia chumba cha upasuaji. Mtaalamu wa usingizi alitumia ketamini, ambayo haiangushi presha kama nyingine. Bandama ilikuwa imepasuka karibu na shina lake, na tumboni kulikuwa na lita 1.6 za damu. Bandama ikatolewa. Alitumia chupa nne zote kwa jumla. Saa 11 alfajiri presha ilikuwa 112/68, na kabla ya kuiamini nilimshika mguu. Wa moto.

Asubuhi wakati wa kukabidhi zamu niliiweka chati mezani nikasoma mapengo kwa sauti: 48, 32, 24, 18. Nikasema tangu saa 2 na dakika 50 ilikuwa imeandikwa na mimi nikapita juu yake. Mwenzetu mmoja mkongwe aliuliza swali ambalo bado nalitafakari: kama mwanafunzi asingetaja miguu, ungejua saa ngapi? Nadhani ningempa adrenalini ya tatu. Ingeipandisha namba kwa dakika kumi, na kwa dakika kumi hizo ningeamini nimepatia. Tangu siku ile tumechora safu ya ziada kwenye chati za dharura, kwa rula na kalamu, yenye kichwa "pengo", na nyingine yenye kichwa "mguu". Katika safu ya mguu tunaandika M ya moto au B ya baridi, na baridi inakoishia: kidole, kifundo, goti. Si kifaa, hakihitaji betri, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kukitumia.

Siku ya nane tulimruhusu, na maongezi ya kumruhusu yalichukua muda mrefu kuliko kutoa nyuzi, kwa sababu kuna shoki nyingine ambayo anatembea nayo maisha yake yote kama uwezekano tu. Asiye na bandama hupigwa vibaya na baadhi ya bakteria wa damu, na malaria nayo humlemea. Homa kwake si ya kusubiri kesho wala ya kununulia panadoli dukani, ni ya kupanda bodaboda saa ile ile, maana maambukizi yakisambaa kwenye damu presha hushuka kwa saa chache. Nikamwonya mjomba pia: hapo mwanzoni mwili unaweza kuwa wa moto mpaka nyayoni, kwa hiyo asije akashika mguu, akaridhika. Tukamwandikia chanjo, tukasisitiza chandarua, na kwenye kadi yake daktari akaandika kwa herufi kubwa kwamba hana bandama na ana mzio wa nyuki.

Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza kama asali yenyewe anaruhusiwa kula. Nikamwambia mzio wake ni wa sumu ya nyuki, asali ale, asirine.

Wiki mbili baadaye mjomba alipita getini na chupa ya soda ya nusu lita imejaa asali nyeusi, yenye vipande vya nta vinavyoelea. Ya mbuyu ule ule, akasema. Aliyepanda hakumtaja, na sikuuliza.